Ami Hataki Kompyuta Dukani

Assalaam aleikum Khalti,

Nina miaka 31, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Baba yangu ana duka la leso, yaani kanga, Biashara Street. Mwaka juzi alipata kiharusi, akawa hawezi tena kukaa dukani kutwa, nami nikaacha kazi yangu ya uhasibu Nairobi nikarudi kulishika duka. Nilimkuta mzee aliyefanya kazi na baba tangu kabla sijazaliwa. Si ndugu yetu wa damu, lakini mimi namwita Ami, na mtaa mzima wamwita hivyo.

Khalti, Ami anazijua leso. Mteja akiingia akasema anaitaka ile ya korosho nyekundu aliyoiona kwenye harusi ya Malindi, Ami huwa keshapanda ngazi na kuishusha kabla mteja hajamaliza kuieleza. Anajua jina la kila leso, na anajua ipi haifai kumpelekea mama mkwe. Hilo silipingi.

Shida ni daftari. Mauzo, mali ya stoo, madeni, yote yamo humo. Na ameyaandika kwa herufi za Kiarabu: lugha ni Kiswahili, lakini hati ni ile waliyofundishwa chuoni, yaani madrasa, zamani. Mimi Qur'ani nasoma, lakini mwandiko wa haraka usio na irabu unanishinda. Siku Ami asipokuja, mimi huwa mgeni katika duka la baba yangu.

Nikanunua tableti na kuweka programu ya mauzo. Ukiuza doti moja inajipunguza yenyewe kwenye hesabu ya stoo, na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, inatoka hapo hapo. Nikamlipa kijana aje kumfundisha Ami. Ami alikaa, akasikiliza kwa adabu, akasema inshallah, na mpaka leo hajaigusa. Anauza bila kuingiza. Jioni hesabu hazikubaliani. Nimewahi kuikuta tableti imefunikwa leso, ati isiingie vumbi. Nikimuuliza hunijibu, "Mwanangu, hiyo haimjui mtu." Na si kwamba anaogopa mitambo: ana kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, anatuma na kupokea M-Pesa kutwa, na karo ya wajukuu anailipa kwa hiyo hiyo.

Mwezi uliopita mambo yaliharibika. Programu ina sehemu ya kukumbusha madeni, inatuma meseji yenyewe. Nilimwomba Ami anisomee majina na namba za wanaodaiwa, akanipa machache, shingo upande. Meseji moja ikamfikia mama ambaye simu yake ilikuwa mkononi mwa mumewe. Kukawa na ugomvi nyumbani kwao, na yule mama akaja dukani akalia mbele za watu. Ami hakunilaumu. Alinyamaza tu, na tangu siku ile jioni akitoka hulichukua daftari akaenda nalo kwake.

Kaka yangu aliye Dubai anasema tumlipe haki zake aende, tuajiri kijana. Baba hataki hata kulisikia neno hilo. Mimi nampenda Ami kama mzazi, lakini tukienda hivi duka litaanguka. Kwa nini watu wanakataa kitu cha kuwasaidia? Nifanyeje?

Binti wa Biashara Street

*

Waaleikum salaam mwanangu. Mola ampe baba afya. Na wewe pole, maana kuuguza mzazi na kubeba duka lake kwa wakati mmoja ni mzigo.

Umeuliza kwa nini watu wanakataa kitu cha kuwasaidia. Jibu liko ndani ya barua yako mwenyewe, pale uliposema Ami anatuma M-Pesa kutwa. Mtu huyo hakatai mambo mapya. M-Pesa ilikuja Machi 2007, na Ami wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye desturi zake. Kabla ya hapo pesa za nyumbani tulikuwa tukizipeleka kwa posta, au tukimpa dereva wa basi bahasha na dua. Halafu tukaambiwa tumpe kijana wa kibandani noti zetu, naye atupe meseji. Lingekuwa jambo la ajabu kulikubali, lakini watu walilikubali, na tazama lilivyoingia: wakala alikuwa mtu wa mtaani anayejulikana, na mezani pake palikuwa na daftari. Ulikuwa ukiandikwa jina, namba ya kitambulisho na kiasi, kisha watia sahihi. Mtambo mpya kabisa ukatangulia na karatasi ya zamani mkononi. Waliouleta walijua kwamba mtu haachi anachokiamini kabla hajapata pa kushika. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo tulivyolelewa.

Sasa tableti yako iliingiaje dukani? Iliingia na kijana mgeni, siku moja, na lengo lililokuwa wazi kwa kila aliyetazama ni kwamba daftari liondoke.

Mwanangu, daftari lile ndilo cheo cha Ami. Hana hisa dukani, hana jina lake kwenye kibao cha mlangoni. Alicho nacho ni kwamba bila yeye duka halisomeki. Wewe umemwambia, bila kukusudia, kwamba kuanzia Jumatatu litasomeka na mtu yeyote. Wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu humuuma mtu zaidi kuliko kupata kitu cha thamani ile ile kunavyomfurahisha. Wewe umeipima programu kwa faida zake. Ami ameipima kwa kile kitakachomtoka, na hasara hiyo ni ya kweli, hakuibuni kichwani.

Watu hupenda kusema wazee wanaogopa mashine. Neno hilo silipendi, kwa sababu mara nyingi ni uvivu wa kuuliza. Uingereza, mwaka 1811, wafumaji wa soksi wa Nottingham walivunja vyombo vya kufumia kwa nyundo, na hadi leo wanatajwa kama mfano wa wajinga waliochukia maendeleo. Lakini vyombo vile havikuwa vigeni kwao, watu wa kazi yao walikuwa wamevitumia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Walichagua cha kuvunja: vyombo vya matajiri waliokata ujira na kutengeneza soksi mbovu vilivunjwa, vya tajiri aliyelipa sawasawa viliachwa. Ugomvi wao ulikuwa na anayeishika mashine na anachotaka kuifanyia. Ami naye anatazama mkono wako, mwanangu. Na pengine maneno ya kaka yako yamekwisha mfikia. Mombasa hakuna siri ya dukani.

Nirudi kwenye lile tukio la meseji, maana umelipita upesi, na kwangu ndilo zito kuliko yote katika barua yako. Ami alikwambia mapema, "hiyo haimjui mtu." Ukadhani ni maneno ya mzee asiyetaka kujifunza. Alikuwa anakueleza kasoro ya programu kwa usahihi ambao kijana wako wa kompyuta hakuwa nao. Daftarini mna mambo ambayo hayakuandikwa: huyu hukumbushwa kwa kupelekewa salamu na mtoto, yule hulipa mshahara ukitoka na hapendi kuulizwa kabla, na yule mama mwingine anakopa doti ya mtoto wa dada yake bila nyumba kujua, na ni haki yake. Ami anayabeba hayo kichwani kwa miaka. Programu ilipewa namba ya simu na tarehe, ikafanya kazi yake.

Na sheria iko upande wa Ami kuliko unavyodhani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mteja aliyekupa namba yake, au aliyeandikwa daftarini na mzee anayemwamini, hajakupa ruhusa ya kila kitu. Lazima ajue taarifa zake unazitumia kwa jambo gani, na uwe na msingi wa kisheria wa kuzitumia hivyo. Kwa hiyo kitu cha kwanza, kifanye leo kabla hujafunga duka: zima ile sehemu ya meseji za madeni. Kisha mwende wewe na Ami kwa yule mama. Usitume mtu wala usipige simu. Nendeni pamoja, Ami atangulie kubisha hodi, na wewe ndiye uombe radhi. Mbele ya Ami. Atakusikia ukikiri kwamba alichokionya kilikuwa kweli, na hilo litafanya kazi ambayo mafunzo kumi hayawezi.

Yako pia mambo madogo ya mwili ambayo watu huona haya kuyataja. Macho ya mtu aliyevuka miaka 45 hupoteza uwezo wa kuona maandishi ya karibu, na herufi za tableti ni ndogo. Mwenye daftari huandika herufi kubwa atakavyo. Vidole vya mtu aliyeshika nguo mpya maisha yake yote hukauka, na kioo cha tableti husikia unyevu na umeme wa ngozi. Kidole kikavu kinagusa, kioo hakijibu, anagusa tena, kinafungua kitu kingine. Fikiria hilo limempata Ami mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake, na wateja wanatazama. Basi ongeza ukubwa wa herufi, nunua ile kalamu ya mpira ya kugusia kioo, na umpeleke akapimwe macho kwa sababu ya macho yake, usiitaje tableti kabisa.

Hukuniambia bidhaa umezisajili vipi humo ndani. Naomba ufungue utazame. Kama ni namba, au "leso nyekundu A" na "leso nyekundu B", basi umemletea Ami kitu kisichojua kazi. Leso ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na mnunuzi wa Mombasa huanzia kwenye jina, kwa sababu leso ni ujumbe na anajua anampelekea nani. Fred Davis, mtafiti wa Marekani, alichunguza mwaka 1989 ni nini kinawafanya wafanyakazi waikubali kompyuta. Alitazama mambo mawili: kama inasaidia kazi, na kama ni rahisi kutumia. Yote mawili yana nguvu, lakini la kwanza lina nguvu zaidi. Mtu huvumilia kitu kigumu kinachomfaa, na hukiacha kitu rahisi kisichomfaa. Wewe umehangaikia urahisi. Hujamwonyesha Ami faida ambayo ni yake yeye.

Kwa hiyo mpe kazi ya kuipa programu akili. Piga picha ya kila leso iliyo rafuni, umuulize jina lake kamili, pindo lake huitwaje, iliingia mwaka gani, nani huiulizia, rangi gani zimekwisha. Wewe unaandika, yeye anasema. Yako majina ya leso yasiyopo tena popote isipokuwa vichwani mwa watu kama yeye. Zamani hata maneno ya leso yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, kabla ya hizi za Kirumi kuenea, na zikaja fasheni zikapita, na Ami kazikunja zote kwa mikono yake. Siku mteja wa Lamu atakapopiga simu kuulizia leso kwa jina, na Ami akaigusa picha akaona zimebaki doti sita bila kupanda ngazi kwa magoti yake, hapo ndipo atakuwa ameona kwa nini uliinunua.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nakuambia kwa mapenzi. Ami hakujifunza tableti yako. Wewe nawe hukujifunza daftari lake. Umeketi nalo mwaka na zaidi, unasoma Qur'ani, msingi wa herufi unao, na bado unasema mwandiko umekushinda. Kila mmoja wenu amesubiri mwenzake avuke. Basi vuka wewe kwanza, kwa kuwa wewe ndiye mdogo. Baada ya adhuhuri jua likiwa kali na wateja wamepungua, mwambie, "Ami, nifundishe kulisoma daftari." Lisome kwa sauti, akusahihishe. Kila mstari mlioukubali, uingize kwenye tableti akiwa pembeni yako anaona unachoandika na wapi. Madeni yaacheni mwisho kabisa, na yale anayosema yasiingie, yasiingie. Miezi miwili mitatu hivi daftari na tableti viende sambamba. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Lakini hesabu zikikubaliana jioni baada ya jioni, yeye mwenyewe ataanza kuiamini, na zisipokubaliana mtajua kosa liko wapi badala ya kutupiana macho.

Lipo lisilo na mjadala, na usimfiche. eTIMS ni amri ya serikali. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara asiyekuwa na ankara ya eTIMS hawezi kuitoa gharama ile kwenye hesabu ya kodi yake, ndiyo maana wateja wenu wa jumla watawakimbia msipowapa. Ami ni mfanyabiashara, hilo atalielewa mara moja akielezwa hivyo, kwamba ni mteja wa Malindi atakayeondoka. Tatizo lako ni kwamba ulivifunga vitu vitatu katika furushi moja: ankara ambazo ni lazima, hesabu ya stoo ambayo ni nzuri, na meseji za madeni ambazo zilikuwa balaa. Vitenganishe. Anza na ankara za wateja wa jumla peke yake. Na usianze karibu na Ramadhani wala msimu wa harusi. Mtu hajifunzi kitu kipya watu wakiwa wamejaa mpaka barazani.

Kuhusu kaka yako. Mweleze kwamba kumwondoa mfanyakazi kwa sababu kazi yake imechukuliwa na mashine kuna utaratibu wake katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kuna notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwake na kwa afisa wa leba, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Ami yuko hapo tangu kabla hujazaliwa, nawe una miaka 31. Hizo ni siku zisizopungua 465 za mshahara, mbali na likizo na haki nyingine. Na fedha hizo hazitanunua majina ya leso wala majina ya wanaodaiwa, maana daftari litabaki halisomeki.

Badala yake fanya walivyofanya mabandarini. Sisi ni watu wa Kilindini, wengi wetu tuna babu aliyekuwa kuli, na twajua makontena yalivyokula kazi za migongo. Pwani ya magharibi ya Marekani, mwaka 1960, chama cha makuli kilichoongozwa na Harry Bridges kilikaa mezani na wenye kampuni. Mashine ziingie, wakakubaliana, lakini waliokwisha sajiliwa kazini wasifukuzwe kwa ajili yake, na sehemu ya faida iende kwao. Mkataba ule ulikuwa na lawama zake, na makuli waliokuja baadaye hawakunufaika sawa, lakini uliondoa hofu iliyokuwa mlangoni. Nawe mpe Ami ahadi hiyo, baba akiwepo, kwa maandishi: kazi yake ipo maadamu anaitaka, mshahara haushuki, na mauzo ya jumla yakiongezeka naye ana fungu lake. Mtu aliyehakikishiwa kesho yake husikiliza kwa sikio jingine.

Huenda baada ya yote haya bado asiipende. Yawezekana, na si msiba. Muajiri kijana wa kuingiza mauzo, akae karibu na Ami, Ami auze kwa mdomo na macho yake kama alivyozoea, kijana aguse kioo. Muhimu ni kijana yule awe mtu ambaye Ami amemchagua, na amwite Ami kwa jina hilo hilo unalomwita wewe. Daftari likienda nyumbani kwake jioni, liache liende kwa sasa. Ukishaanza kulisoma, litarudi lenyewe.

Wako,
Khalti